Polepole Siyo Upole: Somo juu ya mashini ya kutobolea, ziwa la barafu na mkono wa mwenzetu



Mwezi uliopita kulitokea ubishi mkubwa bwenini. Mwenzetu mmoja alitoka nyumbani siku ya Jumapili na picha aliyotumiwa na kaka yake anayeishi Kanada. Katika picha hiyo mtu amekaa kwenye kiti kidogo katikati ya ziwa. Hayumo ndani ya mtumbwi, amekaa juu ya ziwa lenyewe! Mbele yake kuna tundu la mviringo, na kando ya tundu wamelala samaki watatu. Mkononi ameshika mashini ya kutobolea yenye betri, sawasawa na ile wanayotumia mafundi wa boti huku Kalundu. Ila badala ya meshi ya mbao, imefungwa chuma ndefu inayomfika kifuani, yenye ukanda uliojizungusha kama nyoka juu ya mti.

Wengine walisema ni uongo wa telefoni. Wengine wakasema kule wazungu wanatembea juu ya maji kama Petro. Mwalimu wetu wa fizikia alipousikia ubishi huo alicheka, akatuambia: "Ninyi kapita, andikeni somo, watu waache kelele."

Tumekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumaliza ubishi. Ya pili ni deni. Mashini kama ile ya kwenye picha ilimvunja mkono mwenzetu wakati wa likizo ya Pasaka, na sisi tulikuwa pale pale. Tungejua hesabu tutakayoiandika hapa chini, au tuseme kweli, tungeikumbuka maana tulikwisha kuisoma, asingevunjika.

1. ZIWA LINALOBEBA MTU

Tuanze na barafu. Maji yakipoa yanazidi kuwa mazito mpaka kufika nyuzi 4. Yakipita hapo kuelekea sifuri, yanaanza tena kuwa mepesi. Ndiyo maana katika nchi za baridi, kama Kanada, Finlandi na kaskazini ya Marekani, maji yenye nyuzi 4 hukaa chini, na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Meta kibiki moja ya maji ina kilo 1,000, lakini ya barafu ina kilo 917 tu. Basi barafu inaelea na kuwa kama kifuniko, na samaki wanaendelea kuishi chini yake katika maji yasiyoganda.

Kifuniko hicho kikifika unene wa sentimeta 10 hivi, kikiwa barafu safi na ngumu, watu wa kule huhesabu kwamba kinaweza kumbeba mtu anayekwenda kwa miguu. Lakini wanaogopa, na wana haki ya kuogopa, kwa sababu barafu haina unene mmoja kila mahali. Penye mkondo wa maji ni nyembamba.

Ziwa letu Tanganyika haliwezi kuganda. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27 hivi, na hata kule chini kabisa, kwenye kina cha meta 1,470, bado yanapita nyuzi 23. Kwa hiyo mvuvi wa ndagala hapa hatafuti tundu. Anatafuta usiku usio na mwezi, anawasha taa, anangoja samaki wapande. Mvuvi wa kule anayo kazi moja kabla ya kuvua, nayo ni kutoboa.

2. KAZI YA KUTOBOA NI KUBWA KIASI GANI?

Hebu tupige hesabu. Tundu lenye upana wa sentimeta 15, katika barafu ya unene wa sentimeta 50, lina ujazo wa litri 8.8. Ni kilo 8 za barafu zinazotakiwa kukatwa na kupandishwa juu. Tukipanua tundu liwe sentimeta 20, barafu inafika kilo 14 na zaidi. Tumeongeza upana kwa sentimeta 5 tu, na kazi imekaribia kuwa mara mbili! Sababu yake mnaijua: eneo la duara linafuata mraba wa nusu-kipenyo.

Kwa mbao ni vilevile. Meshi ya milimeta 20 inaondoa mbao mara nne kuliko meshi ya milimeta 10, ingawa kwa macho unaona ni mara mbili tu. Fundi asiyejua hivyo anashangaa kwa nini mashini iliyokuwa inaimba jana, leo inalia.

Zamani wavuvi wa barafu walizungusha chuma yao kwa mikono, kama vile mafundi wetu wanavyozungusha keekee ya mkono, ile yenye mpini uliopinda. Baadaye zikaja mashini za petroli. Ni nzito, zina kelele na moshi. Mashini ya kutobolea yenye betri ilitolewa na kampuni ya Black & Decker mwaka 1961, lakini kwa miaka mingi betri zake zilikuwa dhaifu. Zilipokuja betri za lithiamu ndipo wavuvi wakaona: mashini ninayo nyumbani, chuma ninayo, kwa nini nisifunge moja kwa nyingine? Wakatengeneza kiungo, basi.

3. VITESI

Mashini hizi nyingi zina vitesi mbili, 1 na 2. Watoto wote hupenda 2 kwa sababu inakimbia. Lakini fizikia inasema hivi:

Uwezo wa mashini = nguvu ya kuzungusha × mwendo wa kuzunguka.

Uwezo wa mota hauongezeki kwa kubadili vitesi. Kinachobadilika ni namna ya kuugawa. Kama katika vitesi ya 2 meshi inazunguka mara 1,600 kwa minuti, na katika vitesi ya 1 mara 400, basi mwendo umegawanywa kwa nne. Nguvu ya kuzungusha nayo inakuwa karibu mara nne, ukiacha kile kidogo kinachopotea katika meno ya ndani.

Mmeona lori la mizigo linavyopanda Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi. Dereva anaweka vitesi ya kwanza. Mtu wa miguu anaweza kulipita, lakini tani zote zinapanda. Mashini ya kutobolea nayo ni hivyo hivyo. Kwa chuma pana ya barafu, na kwa meshi nene ya boti, vitesi ni ya kwanza.

Mpaka hapa sisi wote wa darasa la mwisho tulikuwa tunajua. Balaa lilitoka katika lile tulilolisahau.

4. YALIYOTUPATA UFUKWENI

Wakati wa Pasaka tulikwenda kusaidia kazi ya boti ya mjomba wa mwenzetu. Ni boti mbili zinazounganishwa kwa miti, na wavu unashushwa katikati. Fundi ni mzee aliyetengeneza boti tangu ujana wake. Mjomba alikuwa ameleta kutoka Bujumbura mashini mpya ya volti 18. Mzee aliitumia kwa mashimo madogo, lakini kwa yale manene ya bulo za kufungia miti alirudia keekee yake ya mkono.

Saa sita mzee akaenda kula. Alituambia: "Wanangu, msitoboe mpaka nirudi."

Sisi tulitaka akirudi akute kazi imekwisha. Mwenzetu akashika mashini kwa mkono wa kuume peke yake. Sisi tukashika taruma ili lisitikisike. Alianza na vitesi ya 2, mbao ikatoa moshi. Ndipo sisi, kapita, tukajifanya mwalimu: "Weka vitesi ya kwanza. Polepole ndio mwendo." Akaweka. Meshi ya milimeta 20 ikaanza kula mbao vizuri, na sisi tukajisifu.

Taruma lile lilikuwa mbao ya boti ya zamani. Ndani yake mlikuwa na msumari uliokatika, hatukuuona. Meshi ikaukamata msumari ikasimama palepale. Mashini haikusimama. Kwa kuwa meshi imekatazwa kuzunguka, ilizunguka mashini yenyewe, na mkono wa mwenzetu ndani yake. Tulisikia mlio mdogo kama kijiti kikavu.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki. Mfupa wa karibu na kiwiko cha mkono umepasuka, akafungwa plasta ya wiki sita. Ni mkono wa kuandikia, naye yuko darasa la mwisho pamoja nasi. Plasta itaondolewa wiki chache tu kabla ya mtihani wa Serikali. Kila jioni tunamwandikia masomo yake katika daftari, na yeye anajizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake ni kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini zinasomeka.

5. HESABU YA MKONO

Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila tendo lina tendo la kulipiza, lililo sawa nalo na linaloelekea upande mwingine. Tumeimba sheria hiyo tangu tuanze fizikia. Maana yake hapa ni hii: mashini ikizungusha meshi kwenda kuume, meshi inazungusha mashini kwenda kushoto kwa nguvu ile ile. Na mashini imeshikwa na nani? Na wewe.

Tuseme meshi imekwama na mashini inatoa niutoni-meta 50. Mashini kubwa za volti 18 zinafika hapo na kupita. Nguvu inayoangukia mkono tunaipata kwa kugawanya momenti kwa urefu wa mpini:

a) Mpini wa kawaida, sentimeta 10 kutoka katikati: 50 ÷ 0.10 = niutoni 500. Ni uzito wa mfuko mzima wa simenti wa kilo 50, na kidogo zaidi, ukiangushwa ghafla juu ya kiganja.

b) Mpini wa pembeni, sentimeta 40 kutoka katikati: 50 ÷ 0.40 = niutoni 125. Ni bidoni yenye maji litri 12 na nusu. Mwanafunzi yeyote hapa anaibeba kutoka bombani.

Mashini ni ile ile na kukwama ni kule kule. Tofauti ni kipande cha chuma kinachofungwa shingoni mwa mashini. Na sisi kipande hicho tulikuwa nacho! Kilikuwa ndani ya sanduku la mashini, bado kimefungwa katika karatasi yake. Mtu wa kwenye picha ya Kanada, ukimtazama vizuri, mkono wake wa pili umeshika mpini wa pembeni. Sisi tuliona barafu na samaki, mpini hatukuuona.

Sasa angalieni jambo lililotupotosha. Tulidhani vitesi ya kwanza ni ya usalama kwa sababu ni ya polepole. Kumbe vitesi ya kwanza, kwa kuwa inazidisha nguvu ya kuzungusha, inazidisha na ile ya kulipiza. Vitesi ya kwanza ni sahihi kwa kazi, lakini ndiyo inayovunja mkono. Polepole siyo upole.

Mtu atauliza: je, ule mviringo wenye namba ulio nyuma ya mdomo wa mashini? Huo huachia meshi ikizidiwa, lakini umewekwa kwa ajili ya skrubu. Ukiugeuza kwenye alama ya meshi, hauachii tena. Mashini nyingine za siku hizi zina kinga inayozima mota zikigeuka ghafla. Ya mjomba haina, na hata kama ingekuwa nayo, mpini hauachwi sandukuni.

Mzee aliporudi na kusikia habari hakupiga kelele. Siku ya pili alitupa keekee yake ya mkono, akatuelekeza tutoboe karibu na msumari ule ule. Tulipoufikia tulihisi kiganjani mkwaruzo mdogo, tukaacha kuzungusha. Mzee akasema: "Hii inakuambia. Ile haikuambii. Kwa hiyo ile lazima uiulize mwenyewe kabla." Kisha akatuonyesha anavyoipiga mbao ya zamani kwa nyundo ndogo na kupitisha sumaku juu yake, kutafuta misumari. Lile tundu letu lilikuwa limepinda. Alilijaza kijiti, akatoboa jingine pembeni. Tundu lililopinda katika boti ni mlango wa maji.

6. MATAKA LAZIMA YATOKE

Si msumari tu unaokwamisha. Ule ukanda wa kuzunguka katika chuma ya barafu una kazi ya kupandisha barafu iliyokatwa. Ikibaki tunduni inashindiliwa, inabana chuma, nayo inakwama. Kwa hiyo mvuvi huinua chuma mara kwa mara ili tundu lijisafishe. Fundi wa mbao naye anapaswa kuvuta meshi nje kila baada ya sentimeta mbili tatu.

Jambo hili limewapata hata waliokwenda mwezini. Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, David Scott alitumia mashini ya kutobolea yenye betri kuchimba udongo wa mwezi. Mahali ambapo vipande vya chuma yake viliungana, ukanda wa kupandisha haukuwa mzuri, udongo ukashindwa kutoka, chuma ikabanwa. Ili kung'oa ile ya kuchukulia udongo, iliyoingia zaidi ya meta 2, ilibidi Scott na mwenzake James Irwin wasukume wote wawili kwa mabega. Kwa safari iliyofuata vyuma vilirekebishwa. Ikiwa mataka yaliwasumbua hao, sisi wa Uvira tusione haya kuvuta meshi nje na kuipangusa.

7. BETRI: BARIDI KULE, JUA HAPA

Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Ni sawa na kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 9, yaani usiku mzima wa kuvua ndagala. Kwa hiyo si kitu kidogo cha kuharibu.

Kule kwenye barafu betri hupoteza sehemu ya nguvu kwa sababu ya baridi. Wavuvi huiweka ndani ya koti, karibu na mwili, na kuifunga dakika ya kutoboa. Tena betri ya lithiamu haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri, maana inaharibika ndani. Adui wetu sisi ni mwingine. Ni jua. Betri iliyoachwa juani ufukweni, au ndani ya sanduku jeusi, inazeeka upesi na inaweza kuwa hatari. Ikiwa ya moto baada ya kazi, ingoje ipoe kabla ya kuichaji. Na maji ya ziwa yasiiguse.

8. DESTURI TUNAZOLETA KWENU

Bwana Prefe amekubali zibandikwe mlangoni pa atelye:

1) Mpini wa pembeni ufungwe kabla ya betri. Pasipo mpini, hakuna betri.
2) Mikono miwili, miguu imeachana, na mpini ukae upande ambao mwili wako au mbao itauzuia ukigeuka.
3) Mbao ya zamani ipigwe nyundo na kupitishwa sumaku kwanza.
4) Meshi nene: vitesi ya kwanza. Meshi nyembamba: vitesi ya pili.
5) Vuta meshi nje mara kwa mara.
6) Ikikwama, achia kitufe. Toa betri ndipo ukamate meshi.
7) Fundi akisema ngoja, ngoja.

Hii ya saba ni yetu sisi kapita kwanza. Tulipewa kazi ya kuwazuia wengine, na siku ile sisi ndio tuliotoa amri. Mwenzetu hajatulaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalotusumbua zaidi. Ameyasoma maandishi haya kabla hayajachapwa. Alikata mstari mmoja ambamo tulimhurumia mno, na akaongeza ile ya sita kwa mkono wake wa kushoto.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini samaki hawafi chini ya ziwa lililoganda?
2. Tundu la sentimeta 25 katika barafu ya sentimeta 50 linatoa kilo ngapi za barafu?
3. Mashini inatoa niutoni-meta 60 ikikwama. Nguvu gani inaangukia mkono kwenye mpini wa sentimeta 12? Na kwenye mpini wa sentimeta 40?
4. Eleza kwa maneno yako kwa nini vitesi ya polepole yaweza kuwa ya hatari zaidi.

Majibu yaletwe kwa kapita kabla ya Ijumaa. Atakayesahihisha ni mwenzetu mwenye plasta, msishangae mwandiko.

Kapita wa bweni, darasa la mwisho